Gharama ya Kujivua

Gamba la nyoka huonekana mara nyingi kuliko nyoka mwenyewe. Anayefyeka ukingo wa shamba, anayeokota kuni, anayeinua mabati yaliyolala nyuma ya nyumba tangu mwaka juzi, kila mmoja hulikuta siku yake: limenasa kwenye miba, jepesi, kavu, linapitisha mwanga. Kwanza mtu huangaza macho kumtafuta mwenye mali. Akishatulia, hulipima kwa mikono, kisha huenda kutangaza urefu wa nyoka anayeishi jirani. Hapo huwa ametia chumvi bila kujua, kwa kuwa gamba hunyumbuka likivuliwa, na aliyeliacha ni mfupi kuliko alama yake.

Ukilishika taratibu utaona mambo mawili. La kwanza, limepinduliwa ndani nje, kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. La pili, pale kichwani pana vioo viwili vidogo vya mviringo. Nyoka hana kope za kufumba na kufumbua. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, na siku ya kujivua, hilo nalo hutoka. Nyoka huvua hata kile alichokuwa akionea.

Naanza na jicho kwa sababu ndipo bei ya shughuli nzima inapoonekana. Nyoka hukua maisha yake yote, lakini ngozi yake ya juu haikui naye. Ni tabaka la protini za jamii ileile inayofanya kucha na pembe: imara, lenye kinga, lisilo na uhai. Wakati ukifika, chini yake hujengeka ngozi mpya kamili, na katikati ya hizo mbili huingia majimaji ya kuzitenganisha. Majimaji hayo yakifika machoni, macho huingia ukungu wa rangi ya maziwa. Kwa siku kadhaa nyoka huyo haoni vizuri. Hali, hatembei ovyo, hujificha, na akisumbuliwa ni mwepesi wa kugonga, kwa kuwa hajui kinachomjia ni nini. Kisha ukungu huondoka, na siku chache baadaye husugua pua kwenye jiwe au gome la mti mpaka ngozi ipasuke midomoni, ndipo ajitoe polepole. Nyoka mchanga hufanya hivyo kila baada ya wiki chache. Mkubwa, mara chache kwa mwaka. Hewa ikiwa kavu mno, gamba linaweza kugoma. Kipande hubaki kwenye ncha ya mkia, kikakaza, kikazuia damu mpaka ncha ile ikafa.

Katika mlolongo huo hakuna mahali ambapo nyoka anatupa mali ya mwingine. Alichokiacha alikiota mwenyewe, kilimkinga kwa muda wake, na gharama ya kukiacha ameibeba mwenyewe: upofu, njaa na hofu. Nadhani hapo ndipo kujivua na kutupa vinapoachana njia, ingawa kwa mbali vinafanana sana. Kila kinachoachwa kina gharama. Swali ni nani anailipa.

Anayeilipa kwa ukamilifu kuliko wote ni kaa wa mikoko. Ngozi ya nyoka walau hupinda. Ganda la kaa halipindi. Hawezi kuongezeka hata kwa unene wa ukucha bila kutoka nje ya nyumba yake. Kabla ya siku hiyo hunyonya sehemu ya madini ya ganda la zamani na kuyarudisha mwilini. Halafu hujijaza maji, ganda hupasuka kwa nyuma, naye hutoka kinyumenyume, akivuta kila mguu na kila gando kutoka kwenye ala yake. Hata utando mgumu ulio ndani ya tumbo, wenye meno ya kusagia chakula, nao hutoka. Akimaliza, kuna kaa wawili mahali pamoja: mmoja mtupu aliye mkamilifu wa umbo, na mmoja hai asiyeweza kujitetea. Gando lililovunja konokono juzi leo halishiki kitu. Samaki humla, na kaa wenzake humla pia. Hana la kufanya ila kujichimbia topeni na kuzidi kunywa maji ili avimbe, maana ganda jipya litagandia kipimo atakachokuwa amekifikia, na nafasi ya kukulia ni ile atakayoipata sasa.

Wachuuzi wa kaa pwani wanaijua hali hii kwa kidole gumba. Humgeuza kaa, wakambonyeza upande wa chini. Akibonyea, hurudishwa au hununuliwa kwa bei ya hasara, kwa sababu ndani yake kuna maji mengi na nyama kidogo. Kuanzia hori za Kilifi hadi Mtwara wapo waliogeuza udhaifu huo kuwa kazi: huwakusanya kaa wa namna hiyo, huwaweka kwenye vizimba katikati ya mikoko, huwalisha mabaki ya samaki mpaka wajae, ndipo huwauza. Wao hulipwa kwa kusubiri. Na kwa kaa jike ulaini huo una maana kubwa zaidi, kwa kuwa ndio wakati wake wa kupandwa. Dume humkumbatia siku kadhaa kabla, humlinda mpaka ajivue, humpanda akiwa laini, na huendelea kumlinda hadi ganda lianze kukaza. Lau jike angeng'ang'ania silaha zake zote, asingezaa.

Nasi tunayo mafunzo ya aina hii mapema sana, tangu kinywani. Jino la utoto likitoka, mtoto hulipeleka kwa mamaye akishangaa kwamba ni dogo na halina mzizi. Mzizi lilikuwa nao. Jino la ukubwani lilipokuwa likipanda kutoka chini, mzizi wa lile la juu uliyeyuka kidogo kidogo na mwili ukaunyonya, mpaka likabaki limeshikwa na nyama tu. Meno hayo ni 20 kwa jumla, na kwa watoto wengi huanza kulegea wakiwa na miaka 6 hivi. Mtoto anayerusha jino juu ya paa huku akiomba apewe jipya anaomba kitu ambacho kimekwisha kuwamo kinywani mwake.

Mti nao hauachii jani mpaka umelikamua. Kabla ya jani kuanguka, mti huchukua naitrojeni na virutubisho vingine vilivyomo, ukavirudisha shinani na matawini, kisha huziba kikonyo kwa tabaka la seli ili jeraha lisibaki wazi. Mgunga ule mkubwa ambao wengine huuita mkababu una desturi ya pekee: hupukutisha majani mvua zinapoanza, wakati miti mingine yote inachipua. Mkulima aliyepanda mahindi chini yake hupata mwanga msimu wa kilimo, mbolea ya majani juu ya udongo, na kivuli msimu wa jua kali. Wanaoacha vilivyo vyao kwa namna hii huwaacha na majirani wakiwa na nafuu.

Dini na mila zimelijua hilo kwa watu pia. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatii hina, hajifukizi udi, hajipambi. Watu wa nje huona amefungiwa. Ziko hekima nyingi ndani ya amri hiyo ambazo wenye elimu wamezieleza, lakini hata asiye na elimu anaweza kuona moja: maisha ya ndoa yamepewa muda wa kumtoka mtu. Hakuna anayemhimiza aonekane mzima kabla hajawa mzima. Siku akioga na kutoka, majirani wanaompokea wanajua wanampokea mtu aliyepitia jambo, na wanampa nafasi yake.

Iko njia nyingine ya kuacha kitu, na mwalimu wake yuko ukutani kwa kila mmoja wetu, karibu na taa. Mjusi kafiri naye hujivua ngozi, tena mara nyingi huila ili asipoteze kitu. Lakini paka akimbana, huachia mkia. Mfupa wa mkia una mahali palipotayarishwa kukatika, misuli hujiminya, damu haitoki nyingi. Kipande kile huanza kurukaruka sakafuni kwa nguvu, paka akaduwaa nacho, na mwenye mkia akapanda zake ukutani. Nao mkia haukuwa kitu kidogo, kwa sababu humo ndimo alimohifadhi mafuta ya siku za njaa. Utaota mwingine, ila ndani yake kutakuwa na gegedu badala ya pingili za mfupa, na rangi yake haitalingana na mwili.

Ukiweka gamba na mkia kandokando, utaona jinsi vinavyopishana. Gamba huachwa kwa ajili ya kukua; mkia huachwa kwa ajili ya kuponyoka. Gamba huachwa faraghani, baada ya maandalizi marefu. Mkia huachwa hadharani, ghafla, na shabaha yake ni kumfanya adui atazame kwingine. Aliyejivua gamba hutoka akiwa mkubwa kidogo kuliko alivyoingia. Aliyeachia mkia ni yuleyule, ila amepungua.

Watanzania tuliwahi kupewa nafasi ya kuvichanganya hivi viwili. Mwaka 2011, Chama cha Mapinduzi (CCM), chini ya mwenyekiti wake Jakaya Kikwete, kilitangaza kwamba kinajivua gamba. Sekretarieti iliyoongozwa na Yusuf Makamba ikajiuzulu mwezi Aprili, Wilson Mukama akawa Katibu Mkuu, Nape Nnauye akashika itikadi na uenezi. Makada waliotajwatajwa kwenye kashfa wakatakiwa wajipime na kuondoka wenyewe. Julai mwaka huohuo Rostam Aziz akajiuzulu ubunge wa Igunga, na uchaguzi mdogo wa Oktoba ukakirudishia chama kiti kilekile. Mitaani jibu lilikuwa jepesi: nyoka akijivua gamba hubaki nyoka.

Waliosema hivyo walidhani wametoa tusi, kumbe wametoa somo la elimu ya viumbe. Gamba halijapata kumgeuza nyoka kuwa njiwa. Anayejivua anakuwa nyoka mkubwa zaidi, mwenye macho angavu zaidi. Kama chama kilitaka kusema kimetubu, kilikosea mfano. Kama kilitaka kusema kinakua, mfano ulikuwa sahihi, ila mwenendo wake ulikuwa wa mkia: majina machache yakirukaruka kwenye kurasa za mbele za magazeti, macho ya umma yakifuata yanakorukia. Sikumbuki kipindi cha ukungu machoni. Sikumbuki wiki ambazo ganda lilibonyea.

Na siasa ina kichekesho ambacho maumbile hayana. Edward Lowassa, ambaye minong'ono ya siku zile za gamba haikuacha kumtaja, alihama CCM Julai 2015, akagombea urais kwa tiketi ya chama cha upinzani cha CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, akapata kura zaidi ya milioni 6, yaani karibu asilimia 40, dhidi ya John Magufuli wa CCM. Machi 2019 akarejea CCM na kupokewa kwa shangwe, na alipofariki Februari 2024 taifa zima liliomboleza mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wake. Simtaji kumhukumu. Namtaja kwa kuwa hakuna gamba lililowahi kumkimbiza nyoka wake kwenye uchaguzi, wala kurudi kuvaliwa. Kinachoweza kufanya hivyo ni mtu, na mtu hakuwa gamba la yeyote tangu mwanzo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tunapopenda kusema fulani "ameachwa", "ametemwa", "amepunguzwa", tunatumia lugha ya mwili unaojiondolea kilicho chake. Lakini mtu aliyeachwa ana mwili wake. Sura inayofaa zaidi ni ya chombo kilichozidiwa baharini, pale nahodha anapoamuru shehena itoswe. Mabaharia walilazimika kulifikiria jambo hili kwa haki kuliko wengi wetu, kwa sababu anayetosa huwa anatosa mali yenye mwenyewe.

Kanuni waliyoifikia ni ya kale mno. Wanasheria wa Roma waliihusisha na watu wa kisiwa cha Rhodes, nayo ikaingizwa katika mkusanyiko wa sheria wa mfalme Justinian mwaka 533: mali ikitoswa ili kukipunguzia chombo uzito, kilichotolewa kwa ajili ya wote kitafidiwa kwa mchango wa wote. Sheria ya Kiislamu ya bahari nayo ilikuwa na milango yake juu ya shehena iliyotoswa. Leo kanuni hiyo inaitwa kwa majina ya miji ya York na Antwerp, mahali ilipojadiliwa mwaka 1864 na 1877, na ingali inafanya kazi. Meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita mwezi Machi 2021 ikiwa na makontena kama 18,300, mwenye meli aliiita kanuni hiyo. Hakuna kilichotoswa, ila kulikuwa na gharama kubwa za kuinasua, na wenye shehena walitakiwa kuweka dhamana ya mchango wao kabla ya kuchukua bidhaa zao. Aliyeagiza viti na aliyeagiza vipuri, wote wakawa na deni kwa kunusurika kwa pamoja.

Fikiria ukali wa kanuni hiyo. Nahodha hawezi kusema mfuko wa karafuu uliotupwa ulikuwa na bahati mbaya. Hawezi kumwambia mwenye karafuu kwamba anamtakia kila la heri huko aendako. Ambaye mzigo wake ulifika salama anadaiwa kwa sababu ulifika salama.

Kanuni hiyohiyo iliwahi kupotoshwa hadi ukomo wa unyama. Mwishoni mwa Novemba 1781, mabaharia wa meli ya Zong, mali ya kundi la wafanyabiashara wa Liverpool, walianza kuwatosa baharini Waafrika waliokuwa wakipelekwa utumwani Jamaika. Waliouawa walizidi 130. Sababu iliyotolewa ni upungufu wa maji ya kunywa. Wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila mtu, wakisema shehena imetoswa kwa dharura ya bahari. Machi 1783 baraza la wazee wa mahakama jijini London liliwapa ushindi. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, ndiye aliyempelekea habari Granville Sharp, mpinga biashara ya utumwa. Shauri liliporudi mbele ya Lord Mansfield mwezi Mei ilielezwa kwamba mvua ilikwisha kunyesha kabla ya kundi la mwisho kutoswa. Maji yalikuwepo. Jaji akaagiza shauri lisikilizwe upya, lakini hakuna kumbukumbu kwamba lilisikilizwa, na hakuna aliyeshitakiwa kwa mauaji.

Silinganishi msiba huo na jambo lolote dogo. Naukumbuka kwa swali moja ambalo mahakama ililikaribia kisha ikaliachia: je, tufani ilikuwepo? Swali hilo linafaa kuulizwa kila mahali ambapo watu wanaondolewa kwa jina la kuokoa wengine, na siku hizi mahali hapo huwa ni ofisini, Ijumaa jioni, kwa barua yenye maneno laini. Shirika linapunguza wafanyakazi. Barua hueleza hali ngumu ya soko na kuwashukuru waliotumikia kwa uaminifu. Nimesoma barua za namna hiyo mikononi mwa watu ninaowafahamu, na karibu zote zinazungumza kama nyoka: tunajipanga upya, tunajiondolea mzigo, tunakua.

Sheria zetu hazikumsahau kabisa aliyetoswa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kiwango cha chini cha kiinua mgongo kuwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kwa anayepunguzwa. Piga hesabu ya upande wetu. Mhasibu aliyeanza kazi akiwa kijana na kupunguzwa baada ya miaka 10 anapata siku 70. Aliyekaa miaka 25, mpaka mvi zikamtoka kwenye vitabu vya shirika lile, kwa kiwango hichohicho cha chini naye anapata siku 70. Kuna notisi, kuna likizo ambazo hazikuchukuliwa, kuna mafao ya hifadhi ya jamii, lakini hivyo vyote alikuwa akivistahili hata asingetoswa. Mchango wa waliobaki kwenye chombo ni hizo siku 70.

Wapo waajiri wanaozidisha kiwango hicho kwa hiari, na wapo wakurugenzi waliokata mishahara yao kwanza kabla ya kugusa ya mfagizi. Hao wamepitia kipindi chao cha ganda laini, na wafanyakazi waliobaki hulijua hilo bila kuambiwa. Wengine wanaotaka tuamini kwamba shirika lao ni jahazi lililonusurika kwenye tufani waanze kwa kutaja mchango wa mwenye chombo: posho ipi imefutwa, gawio lipi limesitishwa, gari lipi la bosi limeuzwa. Wakishindwa kutaja hata kimoja, basi tufani haikuwepo, na waliotoswa wana haki ya kudai kama watu walioona mvua ikinyesha.